Mapigo Mia Moja na Kumi na Nane

Daktari wa masikio huja Lodwar mara moja kwa mwezi, na siku hiyo mtu asikudanganye kwamba cheo kina kazi. Sista Nekesa, muuguzi aliyewazalisha akina mama wa upande wa Lopur kwa miaka tisa, alikaa kwenye benchi tangu saa moja asubuhi kati ya mzee anayetoka usaha na kijana aliyeingiwa na mdudu, kikaratasi cha namba thelathini na mbili mkononi. Sare alikuwa ameiacha nyumbani makusudi. Hakutaka kujulikana. Lakini Lodwar ni mji wa watu kujuana, na kabla ya saa nne wanawake watatu walikuwa wamemsalimu, mmoja akauliza, "Sista, kumbe na nyinyi mnaumwa?" Akawajibu kwamba amemsindikiza mtu.

Hakumsindikiza mtu. Alikuwa na filimbi sikioni, mwezi wa kumi na nne sasa. Filimbi nyembamba, isiyokata, isiyovuta pumzi, inayoanza kabla hajafumbua macho na kumsubiri mpaka ayafumbe. Alishamwambia mumewe azime redio ili apumzike, kisha aiwashe ili kelele moja ifunike nyingine, kisha aizime tena, mpaka yule bwana akaihamishia redio dukani kwake. Kanisani alikuwa anatoka wakati wa nyimbo. Siku moja alishika sindano ya kushonea, akaiangalia muda mrefu, halafu akaitupa juu ya paa la bati. Hilo hakumwambia mtu yeyote.

"Hii haina dawa ya kuiponya, mama," daktari alisema baada ya kumchungulia. Alikuwa kijana, na alikuwa amechoka. "Tusidanganyane. Ninayo ya kuituliza. Wengine inawasaidia, wengine hapana."

"Nipe."

"Ngoja kwanza nikuambie ubaya wake. Mdomo utakauka. Usingizi utakuwa mwingi. Choo kitakuwa kigumu, mwili utaongezeka, na moyo unaweza kwenda mbio. Sasa upime mwenyewe, ukae na kelele ama ukae na hayo."

Nekesa alikaribia kucheka. Orodha za namna hiyo alikuwa akiwasomea watu tangu amalize chuo, kwa sauti hiyohiyo ya mtu anayesoma majina darasani, na hakuwahi kumwona mgonjwa anayepima kitu. Mwenye maumivu huchukua dawa. Mengine ataulizana nayo mbele ya safari.

"Unafanya kazi gani?" daktari aliuliza, kalamu mkononi.

"Serikalini."

"Ofisini?"

"Hukohuko."

Mganga hajigangi, wahenga walisema, nami naongeza kwamba mganga humdanganya mganga mwenzake bila kupepesa. Angesema kazi yake ni kuzalisha, kijana angeuliza anasikilizaje, na hilo lingeandikwa, na barua ikishaandikwa ina miguu. Akachukua vidonge vyake akaondoka.

---

Siku saba za kwanza zilikuwa balaa. Nyumbani kwao Kanamkemer, palepale Lodwar, alikokuwa likizo, alitia chumvi mara mbili kwenye maharage, akalala mezani akisubiri chai ipoe, na akaamka saa nne asubuhi ulimi umegandamana na kaakaa. Binti yake Chelangat, wa kidato cha tatu, aliyekuwa amefunga shule, alimkuta amesimama jikoni ameshika kijiko, hajui alikuwa anataka nini.

"Mama, umelewa?"

"Nyamaza wewe. Nipe maji."

"Hiyo ni jagi ya tatu."

Kiplagat, mumewe, alikuja Turkana kufuata kampuni za mafuta kule Lokichar. Kampuni zilipofungasha, yeye akabaki na duka la misumari na rangi ambalo siku nyingine haliuzi hata kufuli. Mshahara wa Nekesa ndio uliokuwa nyumba, shule na bima. Kiplagat alilijua hilo na halikumpendeza, lakini hakuwa mtu wa kelele. Alimwangalia mkewe akisinzia na chakula mdomoni, akasema, "Mama Chelangat, hivyo vidonge vinakumaliza. Viache."

"Nikiviacha nitarudia kuamka usiku kuzunguka uwanja kama mbwa. Unataka hiyo?"

"Sitaki. Lakini hata hii siitaki."

Siku ya tisa Nekesa aliamka, akalala palepale kimya, akiogopa kujisogeza. Filimbi ilikuwa imeshuka. Haikwisha, lakini ilikuwa imerudi nyuma kabisa, mbali, na mahali pake akasikia kuku wa jirani, akasikia bomba likidondosha maji, akamsikia Chelangat akifagia. Alilia. Ndani ya mto, pale sikio lilipogandamia, kulikuwa na mdundo mdogo wa haraka, du du du, akadhani ni pampu ya maji ya majirani. Akamshukuru Mungu kwa vidonge, kwa mdomo mkavu, kwa choo kigumu, kwa vyote.

---

Zahanati aliyofanyia kazi upande wa Lopur ilikuwa na vyumba vitatu na magunia kadhaa ya unga wa lishe, na siku za kazi alilala hukohuko, akirudi Kanamkemer mwisho wa wiki. Mashine ya kupimia mapigo ya moyo wa mtoto tumboni ilikuwa imekufa betri tangu mwaka juzi, na barua za kuomba nyingine zilijaza faili. Kwa hiyo Nekesa alisikiliza kwa pembe, ile ya bati yenye mdomo mpana, unaweka mdomo huo tumboni kwa mama na sikio lako upande wa pili, saa ya ukutani mbele yako, unahesabu dakika nzima. Mtoto mzima hupiga kati ya mia moja na kumi na mia moja na sitini. Mkono mwingine unamshika mama mshipa wa kifundo cha mkono, usije ukahesabu moyo wa mama ukadhani ni wa mtoto.

Miezi yote ya filimbi hakuwa akisikia kitu kwenye pembe ile. Akifika mahali pa shaka aliita gari la wagonjwa, na mara nyingi mama alirudishwa mzima. Mwisho msimamizi wake alimpigia simu, dereva akiwa amesimama hapo karibu anasikia kila neno: "Sista, gari inakunywa dizeli, haili nyasi. Wewe siku hizi unaogopa nini?" Tangu siku hiyo dereva alikuwa akimsalimu huku anatabasamu upande mmoja wa mdomo.

Sasa alirudi na sikio lake. Jumatatu aliwapima akina mama sita, akasikia mioyo sita, akaandika namba sita. Akoru, mhudumu wa afya wa kijijini aliyemsaidia na kumtafsiria Kiturkana, na aliyezoea kumwita daktari, alishangaa jinsi sista alivyokuwa mchangamfu.

"Daktari, leo iko na furaha."

"Leo nasikia, Akoru. Nasikia mpaka mbuzi wakicheua."

Jumatano alikuja Adut. Alikuwa mwanamke mrefu kutoka Sudan Kusini, muuza chai katika soko la kambi ya wakimbizi ya Kakuma, amebakiza wiki tatu ajifungue. Siku yake ya kliniki haikuwa hiyo. Aliingia bila kusubiri kuitwa.

"Sista, mtoto hachezi. Tangu jana asubuhi. Hii tumbo imenyamaza."

"Panda kitandani, mama."

Nekesa alimshika mkono, akainama na pembe. Joto la saa saba lilikuwa limekwisha kuingia chumbani, na yeye alikuwa amezunguka tangu asubuhi bila kuketi. Akatulia. Akasikia. Du du du du, wazi, wa haraka, wa kutosha. Mshipa wa Adut ulikwenda themanini na nne. Kwenye pembe alihesabu mia moja na kumi na nane. Mambo mawili mbalimbali, kama kitabu kinavyotaka.

"Mtoto yuko salama. Anapiga mia moja na kumi na nane."

"Lakini hachezi."

"Watoto nao hulala."

"Mimi nimezaa mbili. Najua mtoto analala namna gani. Hii si kulala."

"Adut, nani kati yetu amesomea hii kazi?"

Akoru akaangalia sakafu. Kitabu kilekile kinasema kwamba mama akikuambia mtoto hachezi, usibishane naye, mpeleke akapigwe skani, namba iwe imesema nini au haikusema. Nekesa alilijua hilo kama anavyolijua jina lake. Lakini alimkumbuka dereva na tabasamu lake, na namba alikuwa nayo, ameisikia kwa sikio lake mwenyewe baada ya miezi kumi na minne ya uziwi. Aliiandika kwenye kijitabu cha kliniki, akaipigia mstari.

"Nenda kunywa chai ya sukari nyingi, lalia ubavu wa kushoto. Atacheza."

Adut alishuka kitandani polepole, akafunga leso yake, akakichukua kijitabu. Kisha akaenda zake.

---

Ijumaa asubuhi wanawake wawili walimleta Adut amejikunja. Safari hii gari liliitwa. Hospitalini skani ilionyesha mtoto amekwisha kufa, na si leo. Akamzaa akiwa mfu, mvulana, wakamzika siku hiyohiyo.

Hakuna aliyelaumiwa. Mambo haya hutokea, wakubwa walisema, na kijitabu kilionyesha kwamba Jumatano mapigo yalikuwa mazuri. Ilijazwa fomu. Nekesa ndiye aliyeijaza, kwa mwandiko mzuri, na alisikitika kwelikweli, maana hakuwa mtu mbaya. Aliwaza kwamba pengine kitovu kilimkaba mtoto Alhamisi. Aliwaza hivyo wiki nzima.

Wiki iliyofuata akaja msichana wa Kiturkana, mimba yake ya kwanza, wiki kumi tu. Mimba ya wiki kumi haisikiki kwa pembe. Hata muuguzi mwanafunzi analijua hilo. Lakini msichana alikuwa na woga, na Nekesa akainama ili ampe moyo, kusudi aone amepimwa.

Du du du du.

Aliinuka. Akainama tena. Mia moja na kumi na sita, wazi kabisa, moyo wa mtoto ambaye hajafikia ukubwa wa limau.

"Nini, daktari?" Akoru aliuliza.

"Hakuna. Mwambie avae."

Alikwenda stoo, akafunga mlango. Alisimama mbele ya magunia ya unga wa lishe ameishika pembe, na hakutaka kufanya alichotaka kukifanya. Akakifanya. Aliweka mdomo wa pembe juu ya gunia, akaweka sikio. Gunia likapiga. Akaweka vidole viwili shingoni mwake, na mshipa wake na moyo wa gunia vilikuwa vinakwenda pamoja, pigo kwa pigo, bila kuachana.

Moyo unaweza kwenda mbio, kijana yule alikuwa amemwambia. Vidonge vilikuwa vimeiteremsha filimbi, na chini ya filimbi kulikuwa na damu yake mwenyewe ikipita sikioni. Vidonge hivyohivyo vikawa vimeukimbiza moyo wake mpaka ukafika pale moyo wa mtoto unapoanzia. Alikuwa amemshika Adut mshipa. Wake mwenyewe hakuwahi kufikiri kuushika. Wale akina mama sita wa Jumatatu, na wote waliofuata, alikuwa amewaandikia moyo wake.

Jioni hiyo aliwatuma Akoru na wenzake wawaite wanawake wote waliopimwa tangu dawa ianze. Akawapakia kwenye gari, dereva akitabasamu asitabasamu, akawapeleka wakapigwe skani. Watoto wote walikuwa wazima.

---

Vidonge alivitupa chooni. Usiku wa pili filimbi ilirudi, na ilirudi na hasira. Alipofika Kanamkemer mwisho wa wiki, Kiplagat alimkuta bafuni amekaa na nguo zake chini ya bomba, maji yanamtiririkia kichwani, kwa kuwa maji yalikuwa na kelele kubwa kuliko ile nyingine.

Alimwinua, akamkausha, akamkalisha kitandani. Nekesa akamweleza yote, tangu uongo wa ofisini mpaka gunia. Kiplagat alisikiliza mpaka mwisho.

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe."

"Basi ibaki hapa."

"Baba Chelangat, nilimwambia mtoto wake mzima, akiwa anakufa. Ama ameshakufa. Hata sijui ni lipi."

"Ukisema, atafufuka?"

Nekesa aliyabana masikio kwa viganja.

"Sikiliza. Sikusemi vibaya. Ukiandika barua ya kukiri wanachukua leseni. Wakichukua leseni, bima inakwenda, na hata hiyo dawa ya kelele hutainunua. Chelangat amebakisha mwaka mmoja. Mimi hapa nauza misumari." Akaikunja taulo aliyomkaushia. "Omba uhamisho. Sema mgongo. Watu wanaumwa mgongo kila siku, wanapewa kazi ya kuandika chanjo. Kisha urudie vidonge, ulale, uishi."

Na hayo, msikilizaji, hayakuwa maneno ya kipumbavu. Nekesa aliyapima usiku kucha, maana usingizi haukuwepo. Akimeza, atalala, atakuwa na mume na mtoto na akili zake, atakaa kwenye meza ya chanjo mahali ambapo hamna pembe, na kila kimya kitakachomjia kitakuwa kimelipiwa na mtoto wa Adut. Asipomeza, ataipata filimbi hii mpaka kaburini, na alikuwa anajijua: safari hii sindano hangeitupa juu ya paa. Alikuwa anaogopa yote mawili, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alitamani mtu amwamulie.

Asubuhi Chelangat alimletea chai. Alikuwa amesikia kila kitu, kuta za nyumba ile si kuta.

"Mama, yule mama anajua?"

"Hajui."

"Anadhani ni yeye aliyekosea?"

Hilo Nekesa hakuwa amelifikiria hata mara moja. Akaiweka chai chini.

---

Aliandika kurasa mbili, akaweka jina lake kamili na namba yake ya usajili, akapanda gari la Kakuma. Kiplagat hakumzuia. Alimsindikiza mpaka stendi, akamnunulia maji, akaondoka bila kuaga.

Adut alikuwa kwenye kibanda chake cha chai sokoni, mabirika mawili juu ya makaa, benchi moja. Hakushangaa kumwona. Alimpa kiti, akamimina chai bila kuulizwa, akakaa upande wa pili mikono imelala mapajani.

"Sista, mimi nimefikiri sana," alianza yeye. "Ile siku uliniambia nilale upande ya kushoto. Mimi nikalala, lakini usiku nikageuka. Nikaamka niko upande ya kulia. Watu ya nyumbani wananiuliza, nawaambia nimegeuka. Mama ya bwana yangu hanisemeshi tena."

Filimbi ilikuwa inampasua, lakini maneno yale aliyasikia yote.

"Si kugeuka," alisema. "Adut, si wewe." Akatoa karatasi. "Nimeandika hapa. Ukitaka kunishtaki, peleka hii, jina langu liko."

Adut aliishika karatasi, akaigeuza, akamrudishia. "Mimi sijui kusoma. Nisomee."

Basi akasoma. Wateja wawili walikuwa kwenye benchi, na hakuwaomba waondoke. Alisoma habari ya vidonge, ya kudanganya kwa daktari, ya moyo wake na gunia. Alisoma, "Mama alinieleza kwamba mtoto hachezi, nami sikumsikiliza." Mahali hapo alikatiza kusoma, Adut akangoja, hakumsaidia. Akaendelea mpaka namba ya usajili.

Mmoja wa wale wateja aliweka pesa yake, akatoka. Adut alisogeza kaa moja kwa kidole, kama haliunguzi.

"Hiyo namba mia moja na ngapi, ilikuwa wewe."

"Ilikuwa mimi."

"Mtoto yangu hakuna mtu alimsikia."

"Wewe ulimsikia."

"Ee. Mimi nilimsikia." Akapuliza makaa. Kisha akauliza, "Na hiyo dawa?"

"Nimeacha."

"Kelele imerudi?"

"Imerudi. Hata sasa iko."

"Itaisha lini?"

"Haiishi."

Adut alitikisa kichwa polepole, na kama kulikuwa na huruma usoni mwake, ilikuwa ndogo na haikukaa. "Wakikuacha kwa kazi," alisema, "kesho mwanamke akuje, akuambie mtoto hachezi. Wewe husikii kitu na hiyo pembe. Utafanya nini?"

"Nitamwamini yeye," Nekesa alisema.

Adut alishika birika, akalirudisha juu ya makaa.

"Kumbe inawezekana," alisema.

Akaichukua karatasi kutoka mikononi mwa Nekesa, akaikunja mara mbili, akaitia kifuani. Halafu akamgeukia mteja aliyebaki, akamuuliza kama anaongeza chai.